Kichupa cha Buluu: Peptidi za Shaba, Uzee wa Ngozi na Kupona kwa Vidonda

Hotuba hii ilitolewa Mtwara mjini mbele ya wanafunzi wa uuguzi na uganga, wenye saluni na wauza vipodozi. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji, na maswali ya mwisho yameachwa karibu kama yalivyoulizwa ukumbini.

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi, mama zangu na dada zangu wa saluni: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo nyote.

Waandaaji waliniletea mada hii wakisema wateja wanauliza kuhusu kile kichupa cha buluu cha peptidi ya shaba wanachokiona kikitangazwa kwenye simu, na wenye saluni wamechoka kujibu kwa kubahatisha. Mimi ni mfamasia, siuzi kichupa hicho wala simpigii debe anayekiuza. Nitasema msimamo wangu sasa hivi, ili mwenye haraka awahi bodaboda. Peptidi ya shaba ni kitu cha kweli. Imechunguzwa na watu makini kwa zaidi ya miaka 50, na maabara imeonyesha mambo yanayostahili heshima. Lakini ushahidi kwamba ukiipaka usoni inarudisha ujana ni mwembamba, na kwenye vidonda vya watu ushahidi umegawanyika vibaya. Nataka tukae kwenye pengo hilo, kati ya sahani ya maabara na mguu wa mgonjwa, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kwanza kitu chenyewe. Protini za mwili hujengwa kwa asidi amino zilizoungana mstari mmoja. Mstari ukiwa mfupi tunauita peptidi. Hii ya leo ni fupi mno, ina asidi amino tatu tu: glisini, histidini na lisini. Wanasayansi huiandika GHK. Inaipenda shaba kuliko kawaida. Ikiipata huishika kwa nguvu, na maji yake hugeuka buluu. Kwa hiyo ile rangi ya kwenye kichupa, kama mtengenezaji ni mkweli, ni rangi ya kitu chenyewe. Nasema kama ni mkweli, maana rangi ya keki nayo ipo sokoni na haina bei. (Kicheko.)

Aliyeigundua ni mwanakemia Mmarekani, Loren Pickart, mwaka 1973, huko San Francisco. Hakuwa akitafuta dawa ya uso. Alikuwa akishughulika na ini. Aliona kwamba seli za ini za watu wazee zikikuzwa ndani ya plazima, yaani yale maji ya damu, iliyotoka kwa vijana, huanza kutengeneza protini kwa namna inayokaribia ya ini la kijana. Akajiuliza ndani ya plazima ya vijana kuna nini. Akachuja, akachuja tena, mpaka akafika kwenye hiyo peptidi ya asidi amino tatu. Baadaye ikaripotiwa kwamba mtu wa miaka 20 huwa na karibu nanogramu 200 za GHK katika kila mililita ya plazima, na akifika 60 hubaki na karibu 80.

Takwimu hizo mbili ndizo zilizozaa biashara yote. Muuzaji anakwambia: imepungua, basi irudishe. Polepole, bwana. Vitu vingi hupungua kwa umri, na vingine huongezeka. Mvi huongezeka katika miaka hiyohiyo, na hakuna aliyesimama kusema tukipaka kichwa rangi nyeusi ini litakuwa jipya. Kupungua pamoja na uzee ni dokezo zuri la kuanzia utafiti. Haliwezi kuwa hitimisho lake.

Sasa kwa nini shaba? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu hii ni imara, haina ubishi. Ngozi yetu ina tabaka la juu, epidemisi, na chini yake tabaka nene, demisi. Nguvu ya ngozi imo kwenye demisi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni protini iitwayo kolajeni, ikisaidiwa na elastini inayoifanya ngozi irudi ukiivuta. Kolajeni hutengenezwa na seli ziitwazo faibroblasti. Lakini kuitengeneza hakutoshi. Mmewahi kuona nyumba ya fito ambayo fundi amesimamisha miti yote lakini hajaifunga kamba? Fito zipo, ukuta haupo. Sukuma kidogo tu zote zinalala. Kolajeni inayotoka kwenye seli iko vivyo hivyo mpaka ifungwe. Anayefunga ni kimeng'enya kinachoitwa lisili oksidasi, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila shaba ndani yake.

Tunalijua hilo kwa uchungu kupitia ugonjwa wa kurithi uitwao Menkes, ulioelezwa mwaka 1962. Mtoto huzaliwa na hitilafu inayozuia shaba kusambaa mwilini. Nywele zake huwa dhaifu na zilizosokotana, ngozi hulegea, mishipa ya damu hupindapinda, ubongo huharibika, na wengi hufariki wakiwa wadogo. Shaba pia imo ndani ya kimeng'enya kinacholinda seli dhidi ya sumu za oksijeni, na imo ndani ya tairosinasi, kimeng'enya kinachotengeneza weusi wa ngozi zetu. Kwa hiyo, dada zangu, akija mtu anauza peptidi ya shaba kwa ahadi ya kung'arisha ngozi iwe nyeupe, muulizeni shaba imegeuka lini kuwa adui wa weusi inaousaidia kutengenezwa.

Hapo mtu atasema: basi labda mimi nina upungufu wa shaba. Hapa Mtwara? Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 0.9 za shaba kwa siku. Gramu 28 za korosho, yaani konzi moja tu, zina karibu miligramu 0.6. Sisi tunaoishi chini ya mikorosho, tunaotafuna korosho mbichi, za kukaanga na zilizoungua, hatuko kwenye foleni ya kwanza ya wenye upungufu. Tena msiende nyumbani mkasema mfamasia kasema korosho inaondoa makunyanzi. Shaba ya chakula huingia tumboni, ini huigawa kwa hesabu yake, na ikizidi hutolewa kwa nyongo. Haiendi usoni kwa sababu umeiombea. Na wale wenye bangili za shaba za kutibu viungo: watafiti wa Uingereza walizipima kwa wagonjwa wa baridi yabisi na matokeo yakatoka mwaka 2013, hawakuona tofauti ya maana na bangili zisizo na shaba. Vaeni kwa urembo.

Turudi kwenye GHK. Mwaka 1988 watafiti wa Reims, Ufaransa, wakiongozwa na Maquart, waliweka peptidi hiyo pamoja na shaba yake kwenye faibroblasti zilizokuzwa maabara. Seli zikaongeza kolajeni. Kilichowashangaza watu ni kiasi kilichohitajika: kidogo ajabu, sehemu za bilioni za kipimo ambacho wanakemia hukiita moli kwa lita. Wakaona pia kwamba herufi hizo tatu, GHK, zimo ndani ya kolajeni yenyewe, kwenye mojawapo ya nyuzi zake. Wazo lililotoka hapo nalipenda sana. Ukijikata, vimeng'enya huvunja kolajeni iliyojeruhiwa. Katika kuvunjika, vipande vidogo kama GHK huenda vikaachiliwa. Vipande hivyo vinawaambia faibroblasti za jirani kwamba hapa pamebomoka, njooni mjenge. Kama ndivyo, jeraha linabeba ndani yake wito wa kujitengeneza. Bado ni wazo, lakini limejengwa juu ya kemia inayoonekana.

Mwaka 1993 timu hiyohiyo ikasogea mbele. Walipandikiza vyumba vidogo vya waya wa chuma chini ya ngozi ya panya, wakadunga GHK yenye shaba ndani ya baadhi yake. Vyumba vilivyopata dozi vilijaa tishu zaidi na kolajeni zaidi kuliko vingine. Mwanafunzi angalia vizuri: walidunga ndani ya chumba. Hawakupaka juu ya manyoya. Tutarudi hapo.

Kuna jambo moja nataka nilipite haraka kwa sababu linatajwa mno. Mtasoma kwamba GHK inabadilisha karibu theluthi moja ya jeni za binadamu. Hilo lilitokana na Pickart na wenzake kuchambua hifadhidata ya taasisi ya Broad, Marekani, inayoonyesha jeni zinavyoitikia kemikali mbalimbali katika seli za maabara. Binafsi halinifurahishi, linanitia mashaka. Dawa inayogusa theluthi ya jeni zangu sitaipokea kwa makofi kabla ya kuuliza imegusa zipi na zimekwenda upande gani. Na wanafunzi mkumbuke, Pickart aliyegundua ndiye pia aliyeanzisha kampuni za kuuza bidhaa zake, na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya makala za kuisifu. Hilo halimfanyi mwongo. Linakufanya wewe usome sehemu ya mbinu za utafiti kwa miwani.

Nimesema tutarudi kwenye kupaka. Nani hapa ana babu au bibi wa Kimakonde mwenye nembo usoni, zile chale zilizosuguliwa mkaa? Naona mikono mingi, Newala na Tandahimba hamkuniangusha. Nembo ile imekaa usoni kwa babu miaka 60, 70, haijafutika. Kwa nini? Epidemisi hujibadilisha yote kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Seli za chini hupanda, hufa, hupukutika. Kama mkaa ungebaki huko, nembo isingefika hata msimu wa korosho unaofuata. Fundi alikata chale mpaka damu ikatoka, akasugua mkaa, na mkaa ukaingia kwenye demisi. Huko kuna seli za ulinzi ziitwazo makrofaji. Huumeza mkaa na kuushikilia, na seli moja ikifa, nyingine hupokea mzigo. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2018, katika ngozi iliyochorwa kwa sindano.

Sasa kolajeni mnayoitaka iongezeke inakaa hukohuko ulikokaa mkaa wa babu. Swali la kumuuliza kila muuza krimu ni hili: dawa yako inafikaje kule bila wembe?

Jibu si kwamba haifiki kabisa. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Uholanzi waliandika kanuni inayotumika mpaka leo, kwamba kitu chenye uzito wa molekuli unaozidi daltoni 500 hupita ngozi nzima kwa shida. Peptidi yetu na shaba yake ina karibu 400, kwa hiyo kwa ukubwa inaruhusiwa mlangoni. Kikwazo ni tabia yake. Inapenda maji na ina chaji ya umeme, wakati ganda la juu la ngozi limezibwa kwa mafuta. Majaribio ya maabara kwenye vipande vya ngozi ya binadamu yameonyesha kwamba shaba kiasi hupita na kiasi hubaki ndani kama akiba. Lakini ngozi pia ina vimeng'enya vinavyokata peptidi, na hii ya asidi amino tatu ni tonge dogo. Kwa hiyo krimu mbili zenye maandishi yaleyale kwenye lebo zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku kwa jinsi zilivyochanganywa, na lebo haitakwambia.

Tukija kwa watu wenyewe, mambo yanapoa. Mwaka 1998 kikundi kimoja kilipaka watu wachache kwenye paja kwa mwezi mmoja, wakakata vipande vidogo vya ngozi na kuvitazama. Ongezeko la kolajeni lilionekana kwa asilimia 70 ya waliopaka peptidi ya shaba, asilimia 50 ya waliopaka vitamini C na asilimia 40 ya waliopaka tretinoini, dawa itokanayo na vitamini A. Wauzaji wanaipenda sana namba hiyo ya 70. Ni kweli ilitoka, ila walikuwa wachache mno, na hiyo 70 inahesabu watu walioonyesha ongezeko, haisemi kolajeni imeongezeka kwa asilimia 70. Mwaka 2002 zikatajwa krimu za uso na za chini ya macho kwa wanawake 71 na 41, wiki 12, matokeo mazuri. Lakini yalitolewa kwenye mkutano wa madaktari wa ngozi. Muhtasari wa mkutano haukupi nafasi ya kukagua kama unavyokagua makala kamili.

Jaribio ninalolipenda mimi ni dogo zaidi, la mwaka 2006, na nalipenda kwa sababu ya uaminifu wake. Wagonjwa 13 waliochomwa uso kwa leza ili kuondoa makunyanzi waligawanywa. Wengine wakatumia bidhaa zenye peptidi ya shaba wakati wa kupona, wengine bila. Waamuzi wasiojua nani kapaka nini wakaangalia wekundu, makunyanzi na hali ya ngozi. Hawakuona tofauti ya maana. Lakini waliopaka peptidi wenyewe walisema wameridhika zaidi na ngozi zao. Dada wa saluni, hapo ndipo ilipo biashara yako yote, na sikudharau nikisema hivyo. Mteja akitoka ameridhika ni jambo la kweli. Ila usimwambie kolajeni yake imeongezeka.

Kwenye vidonda, ambako mimi ningependa ifanye kazi kuliko usoni, habari ni nzito zaidi. Hapa kusini wote tunavijua vidonda visivyopona. Kuna vya kisukari, kuna vya watu waliopona ukoma lakini miguu imebaki na ganzi, kuna kidonda ndugu, na kuna vile vya juu ya kifundo vinavyotokana na vena kushindwa kurudisha damu. Mwaka 1992 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa wagonjwa 86 wa vidonda vya vena. Kundi moja lilipaka krimu ya peptidi ya shaba, la pili krimu ya salfadiazini ya fedha, la tatu krimu tupu. Aliyepima hakujua nani kapata nini. Baada ya wiki 4 krimu ya fedha ilikuwa imepunguza vidonda kuliko zote. Ya shaba haikuizidi krimu tupu kwa maana yoyote ya kitakwimu. Miaka miwili baadaye, 1994, ikatoka ripoti ya vidonda vya kisukari ambayo jeli ya peptidi hiyo ilionekana kusaidia. Moja hapana, moja ndiyo. Kitu kikiwa na nguvu kweli, miaka zaidi ya 30 inatosha kwa majaribio makubwa kuifuata ile ndiyo na kuithibitisha. Mpaka leo peptidi ya shaba haimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa nini ishindwe kwenye mguu wakati iling'ara kwenye panya? Mimi naona hivi. Panya wa maabara ni kijana, ana afya, na jeraha lake ni safi, la jana. Kidonda cha mguu cha miezi minane kina usaha, kina bakteria, kina vimeng'enya vingi vinavyomeng'enya chochote unachoweka, na chanzo chake hakijaondoka. Vena bado imeharibika, au sukari bado iko juu, au mgonjwa bado anatembea juu ya kidonda kwenda shamba. Unawaita mafundi waje kujenga wakati maji ya mto bado yanapita ndani ya nyumba. Samahani, nilijiahidi nyumba moja tu leo. (Kicheko.) Kinachosaidia kidonda cha vena kwa ushahidi mzito ni bandeji ya kubana, ikifungwa na anayejua, baada ya kuhakikisha damu ya ateri inafika mguuni. Kidonda cha kisukari kwenye unyayo kinataka kuondolewa uzito na sukari kushushwa. Hivi havina rangi ya buluu, ndiyo maana hamvioni kwenye simu.

Na kwa ajili ya wazee wa vijijini niseme moja: mrututu si peptidi ya shaba. Najua kuna wanaousaga wakanyunyizia kidonda, ni desturi ya siku nyingi. Mrututu ni chumvi ya shaba inayochoma nyama. Itaua vijidudu na nyama changa kwa pamoja, na ikiingia kwenye damu kwa wingi huumiza ini na figo.

Kama lengo ni uso usizeeke haraka, kuna jaribio moja ambalo ningependa kila saluni ilibandike ukutani. Lilifanywa Nambour, Australia, na likachapishwa mwaka 2013. Watu 903 waligawanywa kwa nasibu. Nusu waliambiwa wapake krimu ya kukinga jua kila siku, nusu waendelee wanavyopenda wenyewe. Baada ya miaka 4 na nusu, waliopaka kila siku walionyesha uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Miale ya jua huamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Ukiizuia, unaokoa ile uliyo nayo. Nitakuwa mkweli: wale walikuwa Waaustralia, ngozi nyeupe. Weusi wetu tayari ni kinga, epidemisi nyeusi huzuia miale mara kadhaa zaidi ya nyeupe, na kwetu uzee hujionyesha zaidi kwa madoa na kulegea kuliko makunyanzi ya mapema. Kwa ndugu zetu wenye ualbino kinga ya jua ni suala la uhai, urembo unakuja baadaye. Ile krimu ya Kilisun inayotengenezwa Moshi imeanzishwa kwa ajili yao. Kwa sisi wengine, kofia, kanga kichwani na kuacha mkorogo vitaokoa kolajeni nyingi kuliko kichupa chochote ninachokijua.

Mteja aking'ang'ania kichupa? Kukipaka kwenye ngozi isiyo na jeraha si hatari kubwa. Ajaribu kwanza nyuma ya sikio siku mbili tatu. Asipake pamoja na vitamini C kwa wakati mmoja, kwa sababu shaba huiharibu vitamini hiyo. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, basi aangalie kama kimesajiliwa. Kisichopakwa lakini kinachodungwa ni habari nyingine kabisa, na ningependa swali lije lenyewe. Nafikiri muda wa maswali umefika.

Mama mmoja wa Chikongola, mwenye saluni: Mwalimu, kuna kijana anauza unga kwenye kichupa cha kizibo cha mpira, anasema unachanganya na maji ya sindano unajidunga tumboni. Wateja wangu wawili wameshanunua. Niwaambie nini?

Waambie wasifungue, mama, na wakuletee. Vichupa vile vingi huandikwa kwamba ni kwa ajili ya utafiti tu, si kwa binadamu, kwa herufi ndogo. Hakuna anayejua kilichomo ni GHK, ni kiasi gani, wala kama ni safi. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiweka peptidi hii ya shaba, ikiwa ya kudungwa, kwenye kundi la malighafi zenye wasiwasi wa usalama, pamoja na peptidi nyingine kadhaa zinazouzwa kwa mtindo huohuo. Ukipaka kitu kibaya, ngozi inakutetea. Ukikidunga umeshampita mlinzi. Na hapa nchini, kinachodungwa ni dawa, kinasimamiwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, kinatolewa na mtu mwenye leseni. Kijana wa vichupa mpelekee namba ya TMDA, atahama mtaa mwenyewe.

Mama mbanguaji wa korosho: Vidole vyangu vimeungua kwa mafuta ya maganda. Hiyo dawa ya shaba ingenifaa?

Pole sana, mama yangu. Onyesha... Naona. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi kali inayochubua ngozi, na ukirudi kazini kesho kidonda kinaanza upya, shaba au bila shaba. Futa mafuta kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Palipochubuka funika kwa vaselini na kitambaa safi, ubadilishe kila siku. Kazini vaa glovu. Siku glovu hazipo, pakaa mafuta ya nyonyo mikononi kabla hujaanza, kama wabanguaji wa siku zote. Hicho cha kidole gumba kimevimba na kina usaha, hicho kisisubiri kesho. Nitakuelekeza kwa muuguzi aliyekaa pale mbele.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili: Je, sisi tunaweza kuifanyia utafiti hapa Mtwara?

Mnaweza, lakini msianze na kichupa. Utafiti wa dawa kwa wagonjwa unahitaji kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, watawaeleza utaratibu, na unahitaji kundi la kulinganishia. Ila kuna kazi ya kwanza isiyohitaji fedha za mtu. Kila kidonda cha mguu kinachoingia kliniki, kipime urefu na upana kwa rula, kipige picha mgonjwa akikubali, andika sukari yake na tarehe. Rudia kila wiki. Kwenye vidonda vya kisukari ilionyeshwa mwaka 2003 kwamba kisichopungua eneo lake kwa nusu ndani ya wiki 4 mara nyingi hakitapona hata wiki ya 12. Ukifika wiki ya 4 rula inakuonyesha hakijafika nusu, andika rufaa siku hiyohiyo, hospitali ya Mitengo au ya Ndanda, popote palipo karibu na mgonjwa. Mkiwa na daftari la mwaka mzima lililojazwa hivyo, njooni nalo, tutazungumza dawa gani ya kujaribu.